Tulisema Amenona

Silipendi neno "amenona." Nikiwa harusini nikasikia mtu akimsifu mwenzake kwamba amenona, mke anamlisha vizuri, huinuka nikatafuta kiti kingine. Wajukuu wangu wanajua wasilitamke mbele yangu, ila sababu hawaijui. Wanadhani ni ukali wa uzee tu. Ukali ninao, lakini haukuanzia uzeeni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, upande wa Silibwet. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na kwetu wakati huo elimu hiyo ilitosha kumpa mtu kalamu, mizani na sauti kubwa. Wakulima walileta majani yao kwa vikapu na magunia, nami niliyatundika kwenye ndoano, nikasoma mshale, nikakata uzito wa gunia. Kukiwa na mvua nilikata na uzito wa maji. Hapo ndipo kelele zilipoanzia, maana kuna waliokuwa wakinyunyizia majani yao maji njiani ili yavute mizani.

Mimi sikudanganyika. Nilizamisha mkono mpaka chini ya kikapu, nikafinya konzi moja ya majani, nikaangalia kiganja changu.

"Mama, hii ni chai ama umeniletea mto?"

"Ni umande, karani."

"Umande wa saa tisa mchana! Huko kwako jua linachomoza saa ngapi?"

Foleni nzima ilicheka. Yule mama naye hakukubali kushindwa. "Huyu akienda kwake," aliwaambia wenzake, "anamkamua kwanza hata mke wake ndio amkumbatie."

Walicheka tena, safari hii wakinicheka mimi, nami nilicheka nao kwa sababu nilikuwa mtu wa kujivuna na matani hayo yalinikuza. Nilizoea kusema kwamba hakuna mtu kuanzia Silibwet hadi mjini Bomet anayeweza kunificha maji. Nilisema hivyo mara nyingi, mbele ya watu wengi, na wengine wao bado wako hai.

Kijana wangu wa kwanza alimaliza darasa la nane, na Desemba ilipofika akaenda kutahiriwa pamoja na vijana wenzake wa kijiji. Baada ya kutahiriwa vijana hukaa menjo, yaani kile kibanda cha kujitenga kinachojengwa mbali na maboma, wakiuguza kidonda na kufundishwa mambo ya utu uzima. Sisi tulikuwa Wakristo, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Kanisa na mila vilikuwa vimekaa mezani vikakubaliana: pombe ikaondolewa, nyimbo fulani zikaondolewa, sala zikaongezwa. Lakini amri moja hakuna aliyeigusa. Kijana aliye menjo haonekani na mwanamke yeyote, hata akiwa mama yake. Akitoka nje hujifunika uso.

Mwalimu wao, ambaye kwetu huitwa motiriot, alikuwa rafiki yangu na mtu wa rika langu. Tulitahiriwa pamoja. Sitamtwisha mzigo wangu, lakini sitamwachia wake pia.

Pale menjo palikuwa na upele. Vijana walilala wakibanana na kugawana mablanketi, na upele haukosi mahali pa namna hiyo. Mwanangu alijikuna katikati ya vidole, kiunoni na matakoni, mpaka mahali alipojikuna pakawa vidonda vyenye usaha. Nilipokwenda kumtembelea nilivitazama kwa macho yangu.

"Hivi si vidonda vya kupeleka zahanati?" nilimuuliza motiriot.

"Kwani unataka menjo iwe hoteli?" alinijibu. "Wewe ulipokuwa ndani ulilala kwa godoro? Tumewapaka mafuta ya kondoo. Kuna nini tena?"

Kilichotushughulisha sote ni kile kidonda kingine, cha kisu, na hicho kilikuwa kimepona vizuri sana. Kila mzee aliyepita alikisifu. Usaha wa upele hakuna aliyeujali. Isitoshe, muuguzi wa zahanati yetu alikuwa mwanamke.

Vidonda vilianza kukauka. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda tena, na motiriot akanipokea nje akitabasamu.

"Ingia umwone mtoto wako. Uliniletea fito, mimi ninakurudishia mtu."

Nikaingia. Kijana wangu alikuwa na mashavu yaliyojaa, kope nene, shingo iliyoshiba. Tangu azaliwe alikuwa mwembamba. Kwetu kijana anatakiwa atoke menjo akiwa amejaa mwili, ili watu wajue kwamba boma la baba yake lina maziwa. Nilimshika shavu kwa kidole gumba, nikalifinya kidogo kama mtu anayechagua ndama sokoni, nikacheka kwa furaha. Nilihisi ulaini wa lile shavu. Mkono uliofinya shavu lile ni huu huu uliokuwa ukifinya majani ya watu.

"Baba," aliniambia kwa sauti ndogo, "mkojo wangu umekuwa kama turungi."

Turungi ni chai kavu, isiyo na maziwa, na chai yetu ikipikwa hivyo huwa nyekundu inayokaribia weusi.

"Ni zile dawa za mizizi mnazokunywa," nilimwambia.

"Na ni kidogo sana, baba. Unakuja kidogo."

"Basi anywe maji mengi," alisema motiriot. "Anywe na supu. Utafunguka."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, ambaye kwa amri ile hakuwa amemwona mwanawe tangu siku ya kisu: "Mtoto wako amenona. Hutamjua." Alipiga makofi. Alichagua kibuyu kikubwa kuliko vyote, akakijaza mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, akapika na ugali wa wimbi na mboga zilizolainishwa kwa magadi, akanipa nimpelekee. Alikuwa akiimba jikoni. Mpaka leo nikikumbuka ule wimbo hasira hunipanda, na sijui ni nani mwingine wa kumkasirikia isipokuwa aliyemletea habari.

Miguu ilifuata uso, nayo ikajaa. Kisha akashindwa kulala chali kwa sababu pumzi ilimkatika, akawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Motiriot aliita mzee wa kuchanja chale. Mimi niliita mchungaji, akasali akiwa amesimama mlangoni, akasema kijana anapigwa vita kwa sababu ya unono wake, kuna macho ya kijicho. Nilisema amina. Karani wa kidato cha nne, nilisema amina.

Siku alipoanza kutapika ndipo nilipoogopa. Nilimbeba kwenye lori la majani, lile la kukusanya chai vituoni, nikamlaza juu ya magunia, nimemfunika blanketi kichwa mpaka miguu asionwe na wanawake waliokuwa kando ya barabara. Nakumbuka niliangalia zaidi blanketi lisipeperuke kuliko nilivyoangalia kama anapumua.

Katika hospitali ya misheni tulipokewa na daktari mwanamume, nikashukuru Mungu. Alimpima damu na mkojo, akasema figo zimevimba, akamlaza wodini. Kule wodini ndiko nilikokutana na sista, yaani muuguzi wa wodi, mwanamke mnene wa kutoka ziwani, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Alikuja akashika pembe ya blanketi. Nami nikashika pembe nyingine.

"Sista, huyu ni kijana wa menjo. Mwanamke hawezi kumwona uso. Niletee muuguzi mwanamume."

"Tunaye mmoja. Ni kijana wa kwetu, wa ziwani. Hajapita kisu. Huyo anaweza kumwona?"

Kwa mila yetu huyo naye haruhusiwi.

"Mzee, uso ndio kazi yangu," alisema. "Asubuhi maji hukaa kwa macho, jioni hushuka miguuni. Nisipoona kope zake nitajuaje amepungua au ameongezeka? Nisome blanketi?"

"Nyinyi watu wa ziwani hamjui mila."

Alifungua mdomo wake mbele yangu akanionyesha meno ya chini, meupe, kamili.

"Bibi yangu hakuwa na haya ya chini. Aling'olewa sita kwa mila. Mama yangu alipotaka kuning'oa, baba yangu alimwambia, mwache huyu atafune. Mila tunazijua, baba. Sasa achilia blanketi."

Tulipatana nusu kwa nusu. Kila asubuhi atavuta pazia, amfunue uso, amtazame, kisha amfunike. Leo nayaita mapatano ya upumbavu, na aliyeyataka ni mimi.

Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia, alisema, "Vizuri, utanisaidia kumpima." Alinieleza kwamba mgonjwa wa figo hupimwa uzito kila asubuhi, saa ile ile, baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa na nguo zile zile. Nilimpandisha mwanangu kwenye mizani. Mshale ulikwenda ukapita mahali nilipotarajia, ukazidi kwenda.

"Kweli amenona," nilisema. Nilikuwa bado ninalisema lile neno.

Sista alimkalisha kitandani, akaweka kidole kwenye mfupa wa muundi, akabonyeza, akakiondoa. Shimo lilibaki. Tulilitazama sote watatu na halikurudi.

"Hayo ni maji, mzee."

Nilikuwa nimewafokea wajane kwa ajili ya glasi moja ya maji kwenye kikapu. Na hapa palikuwa na maji ya ndoo nzima ndani ya mtoto wangu, nami nilikuwa nimeyasifu, nimemtangazia mama yake, nimepokea pongezi nje ya kanisa.

Alinielimisha, na nilielewa vizuri, kwa hiyo sina pa kujificha. Alisema figo ni chujio. Damu yote hupita pale, uchafu na maji yaliyozidi yakatoka kama mkojo, vitu vizuri vikabaki. Vile vidonda vya upele vilikuwa na vijidudu, mwili ukapigana navyo ukashinda, lakini masalio ya vita yakaenda na damu yakanasa kwenye chujio. Chujio likavimba. Likiwa limevimba, damu hupenya mahali isipopaswa kupenya, ndiyo ile rangi ya turungi, na maji nayo hukosa njia, yakajaa usoni, miguuni, mpaka kwenye mapafu. Presha hupanda. Ikipanda sana hupiga ubongo.

"Kwa mtoto, mara nyingi chujio hujiponya lenyewe," alisema. "Kazi yetu ni kulipumzisha wakati linajiponya. Kila anachokunywa ninakipima kwa kikombe. Kila anachokojoa ninakipima kwa chupa hii. Akikojoa kidogo jana, leo atakunywa kidogo. Na chumvi hapana. Chumvi hushika maji. Magadi pia ni chumvi, mwambie mama yake."

Mke wangu alikuwa nje. Alikuwa amenifuata na kukaa kwa jamaa zake karibu na hospitali, na kila siku aliketi kwenye nyasi nyuma ya wodi, mahali alipoweza kuliona dirisha lakini asiweze kumwona aliye ndani. Alipika uji bila chumvi na viazi bila chumvi, akavipitisha kwa mkono wangu. Alifuata kila neno la sista. Hakuwahi kukosea hata mara moja, na ni yeye aliyekuwa amekatazwa kuingia.

Aliyekosea ni mimi. Motiriot alikuja kumtembelea kijana, akaona ule uji, akakunja uso.

"Hiki ndicho mnampa? Mtu aliyepita kisu anakula chakula cha mgonjwa wa meno? Atatoka hapa akiwa kamba. Wenzake wanakaribia kutoka menjo, yeye atasimama nao vipi?"

Akachomoa chupa ya chai kutoka kwenye koti. Ndani mlikuwa na supu ya mifupa, ya moto, yenye chumvi ya kutosha na magadi, kama tunavyoipenda. Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Lakini rafiki wa rika langu alikuwa amesimama pale, akinitazama kama mtu anayengoja kuona kama rafiki yake amekuwa mwanamke wa wodini, nami nilishindwa na macho yale. Nilijiambia supu ni chakula, si maji. Nikamimina kikombe, nikakipitisha chini ya blanketi.

"Sista alisema..." kijana alianza.

"Kunywa. Mwanamume hakatai supu ya baba yake."

Alikunywa. Akanywa na cha pili. Alilelewa vizuri, hakuwa mtoto wa kubishana.

Kesho yake asubuhi motiriot alirudi, akaketi kando ya kitanda. Sista alikuja kuvuta pazia. Nilimzuia.

"Leo mwache amefunikwa. Kuna mgeni."

"Mzee, nataka kumwona macho."

"Nimesema leo hapana! Mpime kesho."

Alinitazama, akamtazama motiriot, akaenda haraka kumwita mkubwa wake. Chini ya blanketi mwanangu alikuwa na kichwa kinachompasuka na macho yasiyoona vizuri. Alituambia baadaye. Hakusema wakati ule kwa sababu menjo tunawafundisha wasilie wala wasilalamike, na yeye alikuwa amefundishika.

Kitanda kilianza kutikisika. Nilidhani anatetemeka kwa baridi, nikamwongezea shuka. Ndiyo, nilimwongezea shuka. Kisha vyuma vya kitanda vikagonga ukuta, motiriot akasimama akarudi nyuma, na sista akaja mbio, akang'oa lile blanketi akalitupa sakafuni. Mwanangu alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni, midomo ya buluu. Sista alimlaza ubavu, akamshika taya, akaita dawa kwa sauti iliyonifanya nirudi ukutani. Wakamchoma sindano. Wakampima presha. Mtu mmoja aliokota ile chupa ya chai chini ya kitanda, akainusa, akaiweka juu ya kabati. Heri angenitukana.

Alipotulia, sista alikwenda dirishani, akalifungua, akaita nje: "Mama! Ingia! Ingia sasa hivi, mimi ndiye ninasema!"

Mke wangu aliingia na majani kwenye sketi yake. Motiriot alinyoosha mkono kumzuia, mke wangu akamsukuma kama mtu anayesukuma lango la ng'ombe. Alisimama juu ya mtoto wake. Ule uso wa kuvimba, kope zilizofunga macho, shingo isiyo na umbo. Alimtazama, kisha akanigeukia.

"Huyu ndiye uliniambia amenona?"

Tumeishi pamoja miaka mingi tangu siku hiyo. Sijalijibu swali lile.

Mke wangu hakutoka tena wodini. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, kwa ruhusa ya sista na kwa hasira yake mwenyewe, na uso wa mwanangu haukufunikwa tena. Dawa za presha na za kukojoza zilifanya kazi. Mkojo ulianza kuja, kidogo, kisha kwa wingi, na rangi ikapungua, kutoka turungi ikawa chai hafifu, kisha ikawa mkojo tu. Kila asubuhi nilimpandisha kwenye mizani na kila asubuhi mshale ulirudi nyuma. Uso ulishuka, mifupa ya mashavu ikatokea, akaonekana yule mtoto mwembamba niliyemjua. Wenzake walitoka menjo, kijiji kikaimba, yeye akiwa bado amelala. Alipotolewa hospitalini tulipewa vidonge vya presha na maagizo: chumvi hapana mpaka tutakapoambiwa, na arudi kupimwa.

Figo zake zilipona, lakini presha haikushuka kabisa. Daktari mmoja alisema huenda ni kovu lililobaki, mwingine alisema huwezi kujua kama lingekuwapo hata bila supu. Mwanangu ni mtu mzima sasa, ana watoto, anameza kidonge kila asubuhi. Mimi sihitaji daktari aniambie.

Lakini ninachotaka kumalizia ni siku ya mbuzi. Tulipofika nyumbani, motiriot alikuja na wazee wawili. Walisema kijana ameonwa na wanawake kabla ya wakati wake, ametoka menjo kwa mlango usiofaa, lazima achinjiwe mbuzi ili asafishwe. Mngetarajia niwafukuze. Mimi mwenyewe nilitarajia hivyo. Hasira ilinijaa mpaka kooni, nikaiacha pale pale kooni, nikaenda zizini nikamtoa mbuzi. Huo ndio uoga wangu, na nimeuandika hapa ili usijifanye kitu kingine.

Mbuzi alichinjwa, supu ikapikwa nje, kwa mikono ya wanaume, na chumvi. Tukakaa duara. Motiriot alijaza kikombe akanipa mimi, baba, nimpe mwanangu kwanza, kama inavyotakiwa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Nilikishika kikombe. Kilikuwa cha moto. Wazee walinitazama, nami nikainuka nikampelekea. Nilimpelekea, baada ya yote niliyoyaona.

Mwanangu alikuwa kwenye kigoda, shati likimpwaya. Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, uso ule uliokuwa umerudi kuwa wake. Aliweka kiganja juu ya mdomo wa kikombe, akakisukuma taratibu mpaka kikagusa kifua changu.

"Kunywa wewe, baba," alisema.

Motiriot alisema kitu kuhusu vijana wa siku hizi. Nilikunywa, nimesimama, mbele ya watu wote, mpaka chini. Ilikuwa na chumvi nyingi sana.